Tuliuliza habari za shamba, tukajibiwa habari za viti

Kabla vyama vingi havijaingia, kwetu Muleba, Kagera, ilishaingia kesi ya Holaria Pastory.

Mama huyu alirithi shamba kwa baba yake, kwa wosia. Agosti 1988, uzee umempata na hana wa kumtunza, akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu, mtoto wa ndugu yake alikuwa mahakama ya mwanzo Kashasha anadai mauzo yafutwe, kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hauzi shamba la ukoo. Mahakama ya mwanzo ikamkubalia. Mahakama ya wilaya ikaipindua hukumu. Rufaa ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akasema wazi: tangu haki za binadamu ziingizwe kwenye katiba mwaka 1984, hakuna tena mila ya kumbagua mwanamke katika ardhi. Anauza kama mwanamume anavyouza.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, najifunza cherehani Kamachumu. Nakumbuka wazee walivyonuna. Kwa asiyejua kibanja cha Kihaya: ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kahawa zimo ndani yake, na makaburi ya wazee yamo humo humo. Jioni moja baba na wenzake wanakunywa rubisi, mmoja akasema, "Basi binti zetu watauza mpaka makaburi yetu." Shangazi yangu, aliyekuwa anapita na mzigo wa nyasi kichwani, hata hakusimama. "Kwani hayo makaburi anayapalilia nani?" akasema, akaendelea na safari yake.

Naanza na kesi hii kwa sababu tukizungumzia wanawake na mageuzi ya siasa, watu huanza na Bunge. Wanahesabu vichwa: walikuwa wangapi, sasa wangapi. Mimi sina ugomvi na hesabu, lakini wanawake niliokua nao hawakuwa wanauliza habari za Bunge. Walikuwa wanauliza nani atawatoa kwenye kibanja siku mume akifa.

Vyama vingi vyenyewe vilikuja kwa taratibu. Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima mwaka 1991, ikarudi na jibu ambalo mpaka leo linachekesha: asilimia 80 hivi ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, 20 ndio waliotaka vingi, na bado tume ikashauri vingi. Julai 1, 1992 ikawa halali. Kwetu mabadiliko yalionekana kwanza kwenye miti: bendera. Halafu kwenye vilabu vya pombe, watani wakaacha kutaniana. Wanaume wakapata jambo jipya la kugombania, na kwa miaka miwili mitatu mazungumzo yote yakawa ya mwanasiasa Mrema: Mrema hivi, Mrema vile.

Wanawake tulikuwa na UWT, Umoja wa Wanawake. Ulianza 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa kiongozi wake, na 1977 ukaingia ndani ya CCM kuwa jumuiya ya chama. Mama yangu alikuwa na kadi, alikuwa na kitenge, alikuwa anaijua kila shairi la mapokezi. Sasa vyama vikiwa vingi, swali likazuka lenyewe: wanawake wasio wa CCM waende wapi? Ndani ya UWT kwenyewe ndiko lilikozaliwa wazo la baraza la wanawake wote, lisilo la chama chochote. Ndiyo BAWATA, Baraza la Wanawake Tanzania, likasajiliwa mwaka 1995, mwenyekiti wake Anna Tibaijuka, mchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mtu wa Muleba. Unaweza kudhani ninamsifu kwa kuwa ni wa kwetu. Kidogo ni kweli.

Nyumbani kwetu BAWATA ililetwa na shangazi, yule yule wa nyasi. Alikuwa ameisikia Bukoba mjini, akarudi nayo kama mtu aliyerudi na mbegu. Walikutana ukumbi wa parokia, wanawake wa kila aina: walimu, wauza dagaa, wake za wenyekiti, na wengine walioachika ambao kwa kawaida hawaitwi popote. Mimi nilikwenda kwa sababu nilitaka kupata wateja, nisiseme uongo. Nilichokiona sijakiona tena. Walikuwa wanafundishwa kumpima mgombea. Haijalishi wa CCM, wa NCCR, wa CUF: atasema nini kuhusu ardhi? Kuhusu mirathi ya mjane? Mwanamke akipigwa, atamsaidia nani? Mama mmoja aliyekuwa hajui kusoma akaomba arudiwe maswali polepole ili ayashike kichwani. Akayashika yote, akawa anayasema njia nzima tunarudi.

Mama yangu hakwenda. Alikasirika. "Sisi tayari tuna umoja wetu," alimwambia shangazi jikoni, anamenya ndizi bila kuinua macho.

"Umoja wenu una mwenyewe," shangazi akajibu.

Hawakusemezana karibu wiki mbili, na walikuwa mawifi wanaopendana.

Uchaguzi ukapita Oktoba 1995. Wagombea urais wanne, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, wote wanaume. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ikazama, na mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa mwaka ule ulivyokuwa. Kila kijiji kilikuwa na matanga. Shangazi alizika watoto wawili wa kaka yake mwingine. Kwa hiyo Septemba, serikali ilipotangaza kuisimamisha BAWATA, kwetu habari hiyo ilipita kama gari usiku. Juni 1997 ikafutwa kabisa kwenye daftari. Sababu zilizotolewa: linaendesha mambo yake kama chama cha siasa, halikuwasilisha hesabu zake. Sheria iliyotumika ilikuwa ya jumuiya, ya mwaka 1954, ya Mwingereza, sheria iliyotungwa ili gavana ajue nani anakutana na nani.

Viongozi wake walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikaja kutamka kwamba kufutwa kule kulivunja katiba, lakini hukumu hiyo ilitoka 2009. Miaka kumi na miwili. Tibaijuka alikwishaondoka zamani kwenda Umoja wa Mataifa, ule ukumbi wa parokia ulikwishajengwa upya, na yule mama wa maswali alikwishafariki. Haki ya kukutana ilirudishwa kwa watu ambao hawakutani tena. (Profesa mwenyewe alirudi, akashinda ubunge Muleba Kusini 2010, akapewa wizara ya ardhi, wizara ile ile ya swali letu, akaondolewa 2014 kwa sakata la fedha za akaunti ya Escrow. Hiyo ni habari nyingine na si ya leo.)

Nikiwa fundi, siwezi kudai ninajua waliokaa mezani waliwaza nini. Lakini naona kilichobaki baada ya BAWATA kuondoka, na kilichobaki ni viti. Mwaka 1995 viti maalum vya wanawake bungeni vilikuwa asilimia 15, uchaguzi wa 2000 vikawa 20, na 2005 katiba ikasema visipungue 30. Kwa 2020 vilikuwa 113. Wanawake walioshinda majimboni mwaka huo ni 26 kati ya majimbo 264. Mwaka 1995 walikuwa 8. Pima mwenyewe mwendo huo.

Sisemi viti maalum ni vibaya, na wanaovitukana kwa maneno machafu mitandaoni wangenyamaza. Rais Samia alianzia huko, Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000, akaja kugombea Makunduchi 2010 akashinda, na Machi 2021 akaapishwa kuwa Rais. Bila mlango ule, sijui kama angeingia. Na mimi nimewaona madiwani wa viti maalum wakipigania zahanati kwa meno.

Shida ni njia inayopitiwa. Wananchi hawamchagui mbunge wa viti maalum. Kura walizopigiwa wagombea ubunge zinahesabiwa, chama kilichopata angalau asilimia 5 kinapewa fungu lake, na majina yanatoka kwenye orodha ya chama. Hana jimbo, mfuko wa jimbo haumhusu, na katiba haimruhusu kuwa Waziri Mkuu, kwa kuwa lazima huyo atoke jimboni. Anakaa bungeni kama mpangaji: nyumba nzuri, lakini mwenye nyumba yupo na kodi anajua yeye inavyolipwa.

Na jina linaingiaje kwenye orodha? Hapa najua kidogo zaidi, kwa sababu mwaka mmoja wa kura za maoni za ndani ya chama nilipata kazi. Mama mmoja aliyekuwa anautaka udiwani wa viti maalum aliniletea mafurushi ya khanga. Doti nzima nzima. Kazi yangu ilikuwa kuzitenganisha na kupinda, ziwe tayari kuvaliwa, kisha kuzikunja na kufunga mbili mbili kwenye mfuko mweusi, kwa siri, usiku. Mjumbe mmoja, doti moja. Takrima ilikuwa imehalalishwa kwa sheria mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaifuta 2006, lakini khanga haijui kusoma hukumu. Nilizipinda zote na nikalipwa vizuri. Siku mbili baadaye akaja mama mwingine wa chama hicho hicho, kata nyingine, akapapasa kitambaa kilichobaki mezani akaniuliza kwa upole, "Fundi, hizi ni za mwenzangu?" Nikanyamaza. Akacheka. Akasema yeye hana za kugawa, ana maneno tu. Alipata kura tatu.

Huyo wa kura tatu nimemfuatilia, maana alirudi kuwa mteja wangu. Anafanya biashara ya kahawa, ananunua kavu kwa wakulima na kupeleka chama cha ushirika. Anajua bei kuliko afisa yeyote. Uchaguzi uliofuata akasema viti maalum basi, anagombea kata yenyewe, apambane na wanaume. Alipokwenda kuchukua fomu, jibu alilolipata amenisimulia mara nyingi na kila mara sauti yake inapanda mahali pale pale: "Mama, si mna viti vyenu? Waachieni na vijana." Vijana aliokuwa anaambiwa awaachie, mmoja alikuwa na miaka sitini na moja.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko khanga. Kiti kilichowekwa ili mwanamke apate pa kuanzia kimegeuzwa kuwa uzio wa kumzuia asitoke. Na hakuna ukomo: mtu anaweza kukaa viti maalum vipindi na vipindi, nafasi haizunguki, na waliopo hawana haraka ya kwenda jimboni kupigwa mawe.

Upande wa pili wa siasa nao hawana la kujivunia. Wote tunawakumbuka wale 19 wa Chadema, wakiongozwa na Halima Mdee, mwanamke aliyekuwa ameshinda jimbo la Kawe mara mbili kwa kura za wananchi. Novemba 24, 2020 wakaapishwa Dodoma viti maalum. Chama kikasema hakijapeleka jina hata moja, siku tatu baadaye kikawafukuza uanachama, na bado wakakaa bungeni mwaka baada ya mwaka kesi ikiendelea. Watu wakawapachika jina la "Covid-19" na wakacheka. Mimi nilikuwa najiuliza jambo moja tu: wale 19 walikuwa wanamwakilisha nani? Chama kimewakana. Wananchi hawakuwapigia. Wanawake wa nchi hii, ambao viti viliwekwa kwa jina lao, hakuna aliyewauliza kitu. Kama lingekuwapo baraza la wanawake wote, la vyama vyote, siku ile lingekuwa na la kusema. Halikuwapo.

Turudi shambani, maana huko ndiko nilikoanzia. Haki itendeke: sheria za ardhi za 1999 zilikuja na mema. Mashirika ya kutetea wanawake kama TAMWA, TAWLA na TGNP yalisukuma sana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, na baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu. Kwetu watatu wapo. Nimehudhuria shauri lililomhusu jirani yangu, mjane asiye na mtoto. Shemeji yake alitaka kibanja kirudi kwenye ukoo. Baraza lilikaa kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji, wanaume wanne kwenye viti, wanawake watatu kwenye benchi. Mmoja alikuwa mke wa binamu wa mlalamikaji, akaangalia chini muda wote. Wa pili alikuwa anaitikia kwa kichwa kila mtu aliyesema. Wa tatu alisubiri mpaka shemeji amalize historia ya ukoo tangu wakati wa Wajerumani, ndipo akauliza:

"Mbolea ya mwisho kwenye hiyo migomba aliiweka nani?"

"Tuliweka sisi, watu wa ukoo."

"Ya ng'ombe wa nani?"

Kimya. Maana ng'ombe ni mmoja tu pale, na mjane alimnunua kwa mkopo wa vikoba, kijiji kizima kinajua, wengine tulimdhamini.

Shemeji akashindwa. Tukapiga vigelegele. Halafu mwenyekiti akasoma makubaliano: mjane atakaa kwenye kibanja maisha yake yote, atakula na kuvuna, ila hataruhusiwa kuuza wala kumrithisha mtu. Na yule wa tatu, mwenye swali la mbolea, akaweka sahihi yake chini kama wengine. Nilimuuliza baadaye njiani. Akasema, "Mwenzangu, ndivyo mila yao ilivyoandikwa."

Na kweli imeandikwa. Ipo kwenye tangazo la serikali la 1963, mila za mirathi za upande wa baba: mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo lakini asiuze, na mjane hana fungu kama mume ameacha ndugu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Asiye na watoto, kifungu hicho hakisemi atunzwe na nani. Wajane wawili wa Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kulipinga. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba linabagua, lakini ikasita kulifuta, kwamba kila kabila lina mila zake na likiguswa moja yataguswa yote. Mahakama ya Rufani ikatupa shauri mwaka 2010 kwa dosari za makaratasi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imewakosea wajane wale. Wabunge wanawake walikuwapo zaidi ya mia wakati huo.

Kwa hiyo jirani yangu, katika wilaya ile ile ya Holaria Pastory, amepata haki pungufu ya ile aliyotangaza Jaji Mwalusanya kabla hatujajua bendera ya pili inafananaje. Mama yangu, ambaye sasa ni mzee sana na shangazi ametangulia, alinisikiliza nikimsimulia shauri lile. Akanyamaza kidogo, akasema, "Wifi yangu angeuliza zaidi." Kwake hilo ni jambo kubwa kukiri.

Siku hizi msimu wa kampeni ukikaribia, wanaotia nia wanakuja kushonesha sare. Nawapokea wa vyama vyote, kitambaa hakina dini. Ila kabla sijachukua vipimo nauliza swali moja: lile tangazo la mirathi la 1963, utalifanyia nini ukifika? Wengi hawajawahi kulisikia, nawaeleza. Mmoja alikasirika akaondoka na kitambaa chake. Mama mmoja wa viti maalum, mtu mwema tu, alilisikiliza mpaka mwisho, akaguswa, akafuta jasho. Akasema swali ni zuri sana, ila itabidi kwanza akaulize chama.

Nikamwambia sawa, malipo ya awali ni nusu.